Hukumu Kabla ya Tonge

Namna Mwalimu Sekunda Mapunda alivyofika Tanguzi si jambo la kumchosha msomaji. Njia ilikuwa ndefu, na njia ndefu zote hufanana. Itoshe kusema kwamba aliingia mji mkuu asubuhi, akiwa na njaa, na kwamba njaa hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Kwa maana mtu aliyeshiba angeweza kuipita nchi ile kutoka mpaka hadi mpaka na kuiona ya kawaida kabisa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mhadhiri wa elimu ya mapishi katika chuo kimoja cha kwao. Chuo kilimtuma aandike ripoti juu ya migahawa ya Tanguzi, kwa kuwa ilivuma kwamba hakuna watu wanaokula nje ya nyumba zao kama Watanguzi. Uvumi huo ulikuwa kweli tupu. Nyumbani hawapiki ila uji, na uji wenyewe ni wa mgonjwa. Asubuhi wanakwenda kula mkate wa Jangwani, adhuhuri mchuzi wa Visiwani, jioni viazi vya Milimani; na barabara kuu ya mji, iitwayo Mtaa wa Majiko, ina migahawa mingi kuliko nyumba za kulala.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Kirobo, afisa wa Baraza la Ladha, mtu mwembamba kama ufito na mcheshi kupita umbo lake.

"Karibu sana, Mwalimu," alisema, akampokea mkoba. "Umesafiri salama?"

"Salama, bwana. Ila tumbo linanidai."

"Basi tulilipe kwanza, mengine baadaye. Tuanze na Jangwani. Mgahawa ule una sifa kuliko yote mjini."

Mlangoni mwa mgahawa wa Jangwani alisimama karani mwenye kanzu ya kijani. Shingoni mwa kila aliyeingia alimvika kibao kidogo cha mti, upande mmoja mweupe na upande wa pili mweusi. Zamu ya Mwalimu Sekunda ilipofika, karani alitayarisha kalamu.

"Kizuri au kibaya, mama?"

"Kitu gani?"

"Chakula."

"Bado sijakila, mwanangu."

Karani akacheka mpaka wino ukamwagika. Waliosimama kwenye foleni wakacheka pia, si kwa dharau, bali kama watu wanavyomcheka mtoto aliyeuliza mbona mwezi hauanguki. Bwana Kirobo akamnong'oneza kwamba desturi ni kutoa hukumu kwanza, ndipo mtu aketi. Na kwamba foleni ilikuwa ikirefuka. Mwalimu Sekunda alikuwa amelelewa vizuri. Kwao mgeni hakitii doa chakula cha watu. Akasema, "Kizuri." Karani akamgeuzia kibao upande mweupe, akaandika katika daftari, na mlango ukafunguliwa.

Nyama ya mbuzi iliyoletwa ilikuwa imeungua nje na kupoa ndani. Chumvi yake ingetosha kuihifadhi safari ya miezi miwili. Mwalimu Sekunda alipokunja uso kwa tonge la kwanza, alihisi mtu amesimama begani mwake. Alikuwa msimamizi wa nyuso, mwanamke nadhifu mwenye kifimbo.

"Samahani, mama. Kibao chako ni cheupe."

"Naona."

"Tabasamu lako limeshuka upande wa kushoto."

Mwalimu akalipandisha. Akala nyama yote akiwa na tabasamu lililonyooka pande zote mbili, na ilipokwisha, mashavu yalikuwa yamechoka kuliko meno.

Walipotoka nje aliomba maji, kisha akaomba maelezo. Bwana Kirobo alimpa vyote viwili kwa ukarimu.

"Hapo kale," alisema, "waamuzi wetu wa chakula walionja kama wanavyoonja kwenu. Ikawaje? Mwamuzi akipewa mchuzi mtamu, huutetea. Akipewa mbovu, huukasirikia. Yaani chakula chenyewe kilikuwa kinamshawishi! Wazee wetu wakaona hiyo ni rushwa, tena rushwa inayopita mdomoni mchana kweupe. Kwa hiyo sheria ikatungwa: ulimi ukishaonja hauna haki tena ya kuhukumu. Umesoma maneno yaliyochongwa juu ya mlango wa Baraza?"

"Bado."

"*Mwonja asali haonji mara moja*. Hilo ndilo onyo kuu la nchi yetu."

Mwalimu Sekunda alijua methali hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuiona ikifanya kazi ya askari. Aliuliza, kwa upole, waamuzi hutumia nini badala ya ulimi. Akaelezwa kwamba kuna madhehebu mawili. Wapo Wanajina, ambao huhukumu chakula kwa jina lake. Kwao jina likitoka mbali na kuwa gumu kutamka, chakula ni bora. Na wapo Wanasahani, ambao huhukumu kwa chombo: bora sahani iwe pana na chakula kiwe kidogo katikati, kama kisiwa. Wananchi nao hufuata waamuzi, na waamuzi husoma madaftari ya wananchi, na kwa njia hiyo maoni ya nchi yamekaa pamoja bila kugombana kwa vizazi vinne.

"Na mtu akishakula, akaona alikosea?"

Bwana Kirobo alitazama huku na huku. "Hilo ni kosa la kugeuka. Anayegeuka hufungiwa migahawa yote mwaka mzima. Atakula nyumbani kwake, peke yake, uji."

Alilitamka neno *uji* kama watu wengine wanavyotamka *gereza*.

"Na wewe, Bwana Kirobo? Mbona pale ndani hukula?"

"Mimi ni afisa wa Baraza, nimekula kiapo. Miaka kumi na tisa sijaonja chakula cha Mtaa wa Majiko." Akajipapasa tumbo lisilokuwapo. "Uji si mbaya, Mwalimu. Mtu huuzoea."

Mwalimu Sekunda alitaka kucheka, lakini alikumbuka kwamba ndani ya mkoba ule alioubeba Bwana Kirobo mlikuwa na rasimu ya ripoti yake, na kwamba sura ya mwisho, ile ya mahitimisho, alikwisha kuipiga chapa nyumbani wiki moja kabla ya safari. Hakucheka.

Adhuhuri walishuka mwisho wa mtaa, mahali ambapo mawe ya barabara yanakwisha na harufu inaanza. Ilikuwa harufu ya kunde zilizoungwa kwa nazi, na ya samaki mkavu aliyechomwa kidogo kabla ya kutiwa chunguni. Miguu ya Mwalimu Sekunda iligeuka yenyewe.

"Hapo ni Kwa Bi Rehani," alisema Bwana Kirobo, akaziba pua kwa leso kama sheria inavyomtaka. "Chakula cha hapahapa. Hakina jina la mbali, na kinaliwa katika mabakuli ya udongo. Wanajina na Wanasahani hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote ila ubaya wa mgahawa huu."

"Lakini umejaa watu!"

"Ndiyo," alisema Bwana Kirobo kwa unyonge. "Hilo limewahi kujadiliwa barazani. Halikupata jibu."

Mwalimu alichungulia dirishani, akaona jambo ambalo baadaye alikiri kwamba hakuna kitabu kilichomtayarisha kuliona. Ukumbi mzima ulikuwa umenuna. Watu arobaini, kila mmoja na kibao cheusi kifuani, walikaa wamekunja nyuso kama wafiwa, na mikono yao ilikuwa ikienda na kurudi bakulini kwa kasi ya watu wanaokimbizwa. Mzee mmoja alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko huku akifuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha muhogo.

"Balaa hili!" alinguruma. "Ongeza."

"Aibu tupu," mwenzake akaitikia, mdomo umejaa. "Na mie niongezee. Usisahau ukoko."

"Jana kilikuwa kibaya kidogo. Leo, shoga yangu, kimepita mpaka!" alisema mama mmoja, na chozi la raha likamtiririka hadi kidevuni, akalifuta haraka kabla msimamizi wa nyuso hajalipima.

Karani wa mlango huo alikuwa kijana mwenye haya. Daftari lake lilikuwa nene, na ukurasa wa kizuri ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka kiwandani.

"Kizuri au kibaya, mama?"

Mwalimu Sekunda alifungua kinywa, na adabu yake ikaleta neno lile lile la asubuhi. Lakini mashavu yalikuwa bado yanamuuma. Alifikiri juu ya mbuzi wa Jangwani, akafikiri juu ya sura ile ya mwisho mkobani, akaona kwamba hana nguvu ya kuwa mwongo mara mbili kwa siku moja.

"Sijui," alisema.

Kalamu ilisimama. "Samahani?"

"Sijui. Nikila nitajua."

Karani alifunua daftari mbele, akalifunua nyuma. Palikuwa na ukurasa wa kizuri na ukurasa wa kibaya. Ukurasa wa tatu haukuwapo. Akamtazama Bwana Kirobo kwa macho ya kuomba msaada. Bwana Kirobo naye alikuna kichwa, kisha kitu fulani katika uso wake, kilichokuwa kimelala miaka kumi na tisa, kikafumbua jicho moja.

"Sheria inasema mtu asigeuke," alisema polepole. "Haisemi asikawie. Mwandikie pembeni, kijana: *Mgeni Sekunda, hajui.* Nami nitatia sahihi."

Akatia sahihi. Kibao kikaning'inizwa kwa ubavu, si cheupe wala cheusi. Nyuma yao sauti nzito ikapaza, "Haya, haya, tupisheni! Njaa haina foleni!"

Alikuwa Fundi Dochi, mshona viatu mwenye mabega ya mbeba magunia, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakukosa kula pale hata siku moja, ila siku aliyooa. Na siku hiyo alituma mtu amchukulie.

"Kizuri au kibaya, Fundi?"

"Kibaya, kijana! Kibaya kama jana na juzi! Kuna utumbo leo?"

Karani alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena, na rangi ikamtoka. Kisha, kwa kuwa sheria haikumpa njia nyingine, alinyanyua kengele iliyokuwa chini ya meza akaigonga mara tatu.

Mikono yote arobaini iliganda juu ya mabakuli.

Inafaa ieleweke kwamba Watanguzi si watu wakatili. Ni watu wa utaratibu tu. Utaratibu wao unasema kwamba mgahawa ukipata hukumu mia tatu za kibaya katika siku moja, kengele hugongwa, na kesho yake Baraza huketi. Na Baraza likithibitisha hesabu, mafiga ya mgahawa hung'olewa na kutupwa mtoni, na mpishi hapiki tena hadharani maisha yake yote. Kila mtu alijua sheria hiyo. Ila hakuna aliyewahi kudhani kwamba *kibaya* chake, alichokisema kwa sababu jirani amekisema, kingehesabiwa pamoja na vya wengine.

"Mia tatu?" aliuliza Fundi Dochi. "Nani kasema cha mia tatu?"

"Wewe, Fundi."

Fundi Dochi aliketi chini pale pale kizingitini, kama gunia lililokatwa kamba.

Bi Rehani alitoka jikoni akijifuta mikono kwa upindo wa kanga. Alikuwa mfupi, mwenye mikono yenye makovu madogo ya mafuta, na aliposikia habari hakupiga yowe. Alitazama watu wake mmoja mmoja, wote wamenuna, wengine kwa sheria na wengine sasa kwa kweli.

"Kuleni basi," alisema. "Chakula hakijui kwamba kuna kengele."

Mwalimu Sekunda alikula jikoni siku hiyo, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ukumbini hapakuwa na nafasi. Alichokionja tutakiacha kwanza, kama alivyokiacha yeye. Alipomaliza, alifungua kinywa kusema, na Bi Rehani akamwekea kiganja mbele ya midomo.

"Usiniambie, dada yangu."

"Kwa nini? Nataka kukwambia ukweli."

"Wewe mgeni. Utaniambia kitamu hata kingekuwa kamba ya katani. Ndivyo mlivyolelewa wageni wazuri." Akachutama, akaanza kuzitenganisha kuni. "Sikiliza. Nimepika miaka ishirini na saba. Watu wamekula hapa mpaka wamezeeka. Kila hukumu niliyopata ilitolewa mlangoni, na mtu ambaye bado hajaosha mikono. Sijawahi hata siku moja kuambiwa neno na mtu aliyekwisha kumeza. Mafiga wayachukue, mafiga ni mawe. Lakini niondoke jikoni bila kujua kama nilikuwa mpishi? Hilo ndilo linanikaba, dada. Nataka kusikia kwa watu wangu. Mmoja tu angenitosha."

Mwalimu Sekunda aliahidi kunyamaza. Ilikuwa ahadi nzito kuliko zote alizowahi kutoa kwa tumbo lililoshiba.

Asubuhi iliyofuata Baraza la Ladha liliketi katika jumba lake jeupe, chini ya methali yake. Waamuzi walikuwa kumi na wawili, wote wembamba, na katikati yao alikaa Mwamuzi Mkuu, Bwana Tajo, mzee wa miaka themanini ambaye hakuwa ameonja chakula cha mtu kwa miaka arobaini na mmoja. Mbele yao kiliwekwa kielelezo: chungu cha Bi Rehani, kilichopikwa alfajiri ile, kimefunikwa kwa kawa, na ukingo wake umezibwa kwa unga uliokandwa ili harufu isije ikahonga pua ya mtu. Wateja walijaa mpaka ngazini.

Msemaji wa Wanajina alisimama kwanza.

"Waheshimiwa, mgahawa unaitwaje? *Kwa Bi Rehani.* Ni jina linalokutajia mtaa na mlango! Mpishi wa Jangwani, ambaye sote tunamheshimu, hajawahi kuuona mchanga wa jangwa, na bado alijitahidi akatafuta jina lenye herufi kumi na tisa. Huu ndio moyo wa kupika."

Msemaji wa Wanasahani akajibu kwamba hoja ya mwenzake ni dhaifu ingawa uamuzi wake ni sahihi. Jina si kitu, bakuli la udongo ndilo kosa. Bakuli likijaa, alisema, mtu hubaki na chakula tu. Sanaa itakaa wapi? Wakabishana kwa saa nzima, kwa ufasaha mkubwa, wakikubaliana mwanzo na mwisho na kugombania katikati. Mwamuzi mmoja mgeni katika kazi, aliyekaa pembeni kabisa, aliuliza kama haingefaa mtu auonje mchuzi wenyewe, ili mjadala upate pa kusimama.

"Rushwa!" walipiga kelele kumi.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema yule, akaketi, na hakuuliza tena.

Ndipo Mwamuzi Mkuu aliponyanyua mkono. "Hesabu isomwe."

Karani mwenye haya alisoma: hukumu mia tatu za kibaya, kizuri hakuna. Akameza mate. "Na moja pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Mgeni, Mheshimiwa. Alisema hajui."

Minong'ono ikapita jumbani. Mwalimu Sekunda aliitwa mbele. Alimwamkia mzee, "Shikamoo," naye akaitika, "Marahaba," kisha akamuuliza kama sasa anajua.

"Sasa najua, Mheshimiwa."

"Basi sema."

Alimtazama Bi Rehani, aliyekaa kwenye benchi la washtakiwa, mikono mapajani. Bi Rehani akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Nimeahidi nisiseme," alijibu Mwalimu Sekunda. "Na hata ningesema, mimi kesho naondoka. Watakaobaki na njaa ni hawa."

Mwamuzi Mkuu aliwageukia *hawa*. Walijisogeza nyuma, wakakanyagana vidole. Aliuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo yupo mwenye hukumu ya kuongeza kabla mafiga hayajang'olewa. Mtu aliweza kusikia unga ukikauka kwenye ukingo wa chungu. Mwalimu Sekunda alihesabu pumzi zake. Kila mmoja pale alikuwa akipima vitu viwili: kunde za Bi Rehani upande mmoja, na mwaka mzima wa uji upande wa pili, na ilionekana mizani inainama kuelekea uji.

Kisha mabega mapana yakaanza kusukuma njia kutoka ngazini.

"Mheshimiwa," alisema Fundi Dochi. Alikuwa ameivua kofia na kuikamua kama nguo mbichi. "Mimi ndiye wa mia tatu."

"Unataka kugeuka, Fundi? Unajua adhabu."

"Sitaki kugeuka, Mheshimiwa. Nina watoto, na mke wangu hajui hata kukoroga uji." Kicheko kidogo kikatoroka mahali fulani, kikafa. "Ila usiku kucha nimejiuliza. Nilisema kibaya. Nilisema miaka kumi na mmoja. Kwa nini nilisema? Wallahi... sijui. Hiyo ndiyo hukumu yangu, Mheshimiwa. Sijui."

"Amegeuka!" alipaza msemaji wa Wanajina.

"Hajageuka!" Ilikuwa sauti ya Bwana Kirobo, na mwenyewe alionekana kushangaa kuisikia. Alisimama na daftari mkononi. "Aliyegeuka ametoka hapa akaenda pale. Fundi hajaenda popote. Amesimama tu. Na mwenye kusimama tumekwisha kumkubali katika nchi hii, tangu jana adhuhuri, kwa maandishi na kwa sahihi." Akafunua ukurasa. "Sahihi ni yangu. Ikiwa ni kosa, na nianze kuadhibiwa mimi. Uji nimeuzoea."

Waamuzi waliinamiana. Walitafuta kifungu, wakatafuta kifungu cha kifungu. Wanajina walidai kwamba *sijui* haina jina katika sheria. Wanasahani walidai haina umbo. Mwishowe wote walimtazama mzee wa katikati.

Bwana Tajo alikiangalia kile chungu. "Hesabu ni mia mbili tisini na tisa," alisema. "Haitoshi."

Jumba lilipasuka kwa vigelegele. Fundi Dochi alipigwa makofi ya mgongo mpaka akakohoa, na nyuma yake watu wakaanza kumiminika kwa karani: "Nami sijui!" "Niandike, mimi sikujua tangu zamani!" "Kijana, mimi sijui kuliko huyu!" Yule mama aliyetokwa na chozi la raha mgahawani alidai apewe nafasi ya kwanza kwa kuwa kutojua kwake kulianza kabla ya wote.

Lakini Mwalimu Sekunda hakuwa akiwatazama. Alikuwa akimtazama Bi Rehani, ambaye mafiga yake yalikuwa yamepona na uso wake ulikuwa vilevile. Watu mia walikuwa wamekiri mbele yake kwamba hawajui. Hakuna aliyemwambia neno.

"Tulieni," alisema Mwamuzi Mkuu. Kelele zikashuka. "Kiapo changu kinanikataza kuonja ninachokihukumu. Leo hakuna kilichohukumiwa. Na mimi, ndugu zangu, nimekuwa mwamuzi miaka arobaini na mmoja." Akapumua. "Mimi pia sijui. Fungueni hicho chungu."

Bwana Kirobo mwenyewe aliubandua unga, kawa ikaondolewa, na harufu ikapanda mpaka kwenye methali iliyochongwa mlangoni. Bi Rehani alipakua. Mzee alipokea bakuli la udongo kwa mikono miwili, akachota, akala. Alitafuna polepole sana, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo. Akameza. Akachota tena.

"Bi Rehani," alisema.

"Abee."

"Samaki amekaa mahali pake. Nazi ni ya leo. Kunde zingekaa motoni kidogo zaidi." Akalamba kidole. "Na chumvi imepungua."

Waamuzi waliguna kwa hofu. Fundi Dochi alifumba macho. Mwalimu Sekunda aliijutia ahadi yake. Maana angeweza kumwambia mwanamke yule maneno mengi matamu, na sasa haya ndiyo aliyoyapata, baada ya miaka ishirini na saba.

Bi Rehani alishika kiuno.

"Kunde zimeiva!" alisema, na sauti yake ikajaza jumba. "Meno yako ndiyo yamesahau kazi, mzee wangu! Kunde ukiziacha zaidi ya hapo zinakuwa uji, na uji wewe umeshiba! Kunde sikubali." Kisha macho yakaanza kumeremeta, na uso wote ukafunguka kama dirisha la nyumba iliyofungwa miaka mingi. "Lakini chumvi..." Alijivuta karibu, akafungua fundo la upindo wa kanga ambamo hubeba chumvi yake kama wapishi wote wa mji ule, akaukunjua mbele ya mzee.

"Imepungua kiasi gani?" aliuliza. "Nionyeshe."